Sauti Kwanza, Salamu Baadaye

Siku hizi nikienda kanisani mapema nakuta vijana wa kwaya wamesimama nyuma ya jengo. Wanapuliza midomo brrr, wanapanda na kushuka aaa-aaa, na mwalimu wao yuko mbele na kinanda cha umeme. Watu wanapita wanatabasamu. Wanaambiana, vijana wanapasha sauti. Hakuna anayekimbia. Hakuna anayeinama kutafuta jiwe. Mimi nasimama kando na fimbo yangu nawatazama, na moyoni nasema: nyinyi hamjui. Kitu hicho mnachokifanya hadharani mkicheka, mimi kilikaribia kunirudisha kwa baba yangu na chungu changu kichwani.

Wacha niseme mapema, asije mtu kunisahihisha. Shule niliiacha darasa la pili na sijawahi kuililia. Kiswahili nilikipata sokoni, nikiuzia samaki Wahindi, Wakisii, Wakuria na askari wa boma la serikali. Nyumba ninamoandikia haya ni ya mawe na niliijenga mimi. Mashine ya kusaga unga iliyo kando ya barabara ni yangu. Kwa hiyo siandiki kuomba msamaha, na huruma ya mtu siihitaji. Naandika kwa sababu wajukuu wangu wameoa na kuolewa kila kabila, na kila mgeni akilala hapa, asubuhi namsikia akinong'ona jikoni: nyanya ana kiburi, nimemsalimu hakunijibu. Naam, sikukujibu. Sababu ndiyo hii. Mengi hapa yalisemwa kwa Kijaluo, lakini nayaweka kwa Kiswahili ili wote wayasome na waache kunong'ona jikoni kwangu.

Nilipokuwa msichana nilikaa Homa Bay kwa shangazi yangu, dada ya baba, ambaye alinunua samaki aina ya ngege gatini na kuwakausha kwa moshi. Kazi yangu ilikuwa kuparua magamba, kupasua matumbo, na kuita wateja. Kuita nilikuwa hodari. Meli ikipiga honi na mimi nikiita, watu waligeuka upande wangu kwanza. Siku moja alipita mwanamke mnene, amevaa viatu vya kahawia visivyojua tope, mke wa karani mmoja wa pale bandarini. Akasimama mbele ya beseni langu.

"Ni nani huyu anayepiga kelele kuliko meli?"

"Ni mimi. Unataka ngege wangapi?"

"Sitaki ngege. Kesho jioni uje kanisani."

"Nije kufanya nini?"

"Kupiga kelele vizuri."

Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha kwaya ya wanawake. Nilikwenda nikidhani nitapewa wimbo. Wimbo gani! Alitupanga mstari akatuambia tufunge mdomo tungurume kama mtu aliyeshiba, chini kabisa, mpaka mfupa wa pua uwashe. Kisha tukaambiwa tulegeze midomo tuipulize itetemeke kama ya punda. Kisha tukafungua mdomo na kushika sauti ya ng' nyuma ya ulimi, kama ndama anayeita mama yake. Mwisho tukatoa sauti kutoka tumboni, tukaipandisha polepole mpaka juu kabisa inapokuwa nyembamba kama uzi, na kuishusha tena bila kuikata. Wanawake wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilicheka. Lakini baada ya hapo akatupa wimbo, na sauti ikatoka kifuani mwangu kama maji yanavyotoka mtungini, bila kukwama. Nikaacha kucheka.

"Sauti hulala kama mtu," alitwambia. "Na huamka na tongotongo. Ukiitoa nje kabla haijanawa uso, itakuaibisha. Kila asubuhi, kabla hujasema neno na mtu yeyote, uioshe kwanza. Ukianza kwa maneno umeikwaruza, na siku hiyo imeharibika."

Mmoja wetu akauliza, "Na mama mkwe akinisalimu njiani?"

"Mpungie mkono."

Yule aliyeuliza akatugeukia sisi wenzake. "Mpungie mkono! Jamani, mwalimu huyu aliolewa wapi?"

Tulicheka tena. Nilikuwa sijaolewa bado, kwa hiyo nilicheka kuliko wote.

Kwetu salamu ya asubuhi si pambo. Mtu akitoka nyumbani kwake alfajiri, wa kwanza kukutana naye humuuliza umeamkaje, na yeye hujibu, na kwa jibu hilo kila mmoja anajua mwenzake ametoka kitandani kama binadamu. Anayepita kimya, watu humgeukia. Ametoka wapi huyo? Usiku wake ameulalaje? Mimi nilijua hayo tangu niko mgongoni mwa mama yangu. Lakini nilikuwa nimeshaonja ile sauti iliyonawa uso, na sikuwa tayari kurudi kwenye ile chafu. Shangazi alilalamika siku chache akachoka. Alisema, huyu ameamua kuwa bubu mpaka jua litoke, mwacheni, samaki anauza.

Nikaolewa upande wa Sori, kando ya ziwa. Mume wangu alikuwa mvuvi. Alikuja Homa Bay kununua nyuzi za kushonea nyavu, akapita kanisani Jumapili, akanisikia nikiongoza wimbo peke yangu na wenzangu wakiitikia. Alipokuja kwa baba yangu kusema neno lake, aliulizwa ameona nini kwa msichana huyu, akajibu mbele ya watu wote kwamba ni sauti. Maneno hayo niliyaweka akiba. Yalikuja kunifaa.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, mvua ilipokataa kuacha. Ziwa lilipanda likala mashamba ya mtama, likaja mpaka karibu na uzio wa katani wa boma letu. Pale walipokuwa wakilima babu za mume wangu, sisi tulichota maji. Viboko nao walisogea pamoja na maji. Jioni tuliwaona wakila majani nyuma ya zizi, na mchana kutwa walilala majini karibu kabisa na pwani, masikio tu yakichezacheza.

Mume wangu alikuwa na mama yake tu. Baba yake alikuwa amezikwa kabla sijafika. Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti nzito kuliko ya wanaume wengi. Akikohoa nyumbani kwake, ndama walisimama. Hakunichukia. Alinipokea vizuri, akanionyesha mahali pa kuni na mahali pa maji, na kama ilivyo desturi yetu akaacha jina langu akaniita kwa nilikotoka: Nyar Homa, binti wa Homa. Kanisa la pale nalo lilinipokea. Kwaya yao ilikuwa na sauti nzuri lakini zimelala. Waliposikia yangu wakaniweka mbele. Baada ya mavuno makanisa yote ya upande wetu yangekutana Homa Bay, na mimi ndiye ningeongoza wimbo wa kwetu. Nilitaka sana nisimame pale mbele ya mwalimu wangu, sasa nikiwa mke wa watu, nimwonyeshe kwamba ndoa haijaniziba koo.

Basi kila alfajiri nilichukua mtungi nikateremka majini kabla ya wengine. Nikipita nyumba ya mama mkwe nilikanyaga polepole. Nikifika, niliweka mtungi chini, nikasimama kwenye jiwe moja pana, nikaanza kama nilivyofundishwa: mdomo umefungwa, chini kabisa, mmmm.

Asubuhi moja kiboko akanijibu.

Mmh, mmh, mmh. Alikuwa pale pale karibu na matete. Nilishtuka nikanyamaza. Naye akanyamaza. Nikanguruma tena, akajibu tena, sauti yake ikanigonga kifuani kama ngoma ya mazishi. Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilifurahi. Tangu nitoke Homa Bay sikuwa nimepata mtu wa kunishikia sauti ya chini, na huyu aliishika barabara, bila kulipwa na bila kuchelewa mazoezi. Kuanzia siku hiyo nilianza naye kila asubuhi. Mimi nikimaliza kunguruma na kuanza kupuliza midomo, yeye alizama zake.

Nilichosahau ni kwamba pwani ina masikio.

Kwetu kuna mtu anaitwa jajuok. Si mganga na si mwizi. Ni mtu ambaye mchana anakaa nanyi, anakula nanyi, anacheka nanyi, na usiku unamwasha ndani, anatoka uchi na kukimbia kwenye maboma ya watu, anasugua milango, anarusha changarawe juu ya paa, anatoa sauti ambazo binadamu hatoi. Na jajuok wa kando ya ziwa, watu husema, hufuga. Hafugi mbuzi. Hufuga kiboko. Humwita, naye humjia na kumbeba mgongoni. Tena ni kitu cha damu: mwanamke akiwa nacho, watoto wake watakuwa nacho. Ndiyo maana kabla ya kuoa watu huulizia. Na bibi arusi akigundulika baadaye, hakuna kelele nyingi. Anarudishwa.

Sasa pima mwenyewe. Mwanamke mgeni. Anatoka kabla ya jua. Ukimsalimu hajibu, anapunga mkono. Anasimama majini ananguruma, kiboko anaitika. Kisha anatoa sauti kutoka chini mpaka juu, uuuu-iii, na wewe uko kitandani, na katika maisha yako yote mnyama mmoja tu ndiye uliyemsikia akitoa sauti hiyo, naye ni fisi.

Jirani yetu, mwanamke wa boma la pili, ndiye aliyesikia kwanza. Mwanamke huyo neno halikumlalia tumboni. Aliposikia yeye asubuhi, soko lilijua mchana. Nikifika kwenye samaki, wanawake walikusanya vikapu vyao wakanipa nafasi pana, kama unavyompa nafasi ng'ombe mwenye pembe.

Mama mkwe alingoja mpaka niko kwenye jiwe la kusagia, mikono yangu imejaa unga.

"Nyar Homa."

"Mama."

"Leo asubuhi nilikusalimu."

"Ulinisalimu."

"Ukanipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi."

"Sauti yangu ilikuwa haijaamka, mama."

"Sauti haijaamka." Alikaa kwenye kigoda. "Miguu imeamka, macho yameamka, mtungi umeamka uko kichwani. Ni sauti tu iliyobaki kitandani?"

"Ndivyo ilivyo kwa watu wanaoimba."

"Na kule majini unaongea na nani?"

"Siongei. Naimba."

"Huimbi! Kuimba nakujua mimi. Kuimba kuna maneno. Kuna Yesu ndani, au kuna mtu amekufa. Wewe unanguruma, halafu kitu kinakujibu." Akainama karibu nami. "Niambie tu, mwanangu. Kwenu mnacho?"

Niliacha kusaga. Hilo swali, kama hujawahi kuulizwa, usiniambie unajua matusi. Niliona mama yangu, nikaona dada zangu ambao hawajaolewa bado. Ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wameshatumika kumwoza kaka yangu. Neno moja la mama huyu lingefika kwetu kabla sijafika mimi, na nyumba nzima ya baba ingekaa peke yake.

"Kwetu tunacho," nilimwambia. "Tunacho kiburi. Hicho kingine hatuna."

Alisimama akaenda zake.

Jioni mume wangu akaja na nyavu begani, akaziweka chini, akazikunja vizuri kuliko siku zote. Mwanamume akikunja nyavu vizuri namna hiyo ujue ana jambo.

"Mama anasema nikurudishe."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema uache tu. Kwani lazima? Imba kanisani kama wengine. Asubuhi uamke, usalimie watu, uchote maji, urudi. Maneno yataisha."

"Baba yangu alikuuliza umeona nini kwangu. Ulijibu nini?"

Akaangalia nyavu.

"Nakuuliza wewe. Ulijibu nini mbele ya watu?"

"Nilisema sauti. Lakini sikujua kwamba sauti yenyewe..."

"Kwamba sauti yenyewe ina mizizi? Ulidhani inatoka tu, kama jasho?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na ziwani alikuwa na wenzake watatu ndani ya mtumbwi mmoja ambao walikuwa wameanza kumwambia awaache kwanza, wasije wakapinduliwa na mifugo ya mke wake. Lakini siku hiyo sikuwa na nafasi ya kumhurumia. Mzee wa kanisa naye alishanitumia ujumbe: nikae nyuma kwa sasa, wimbo upewe mwingine, mpaka jambo la nyumbani lipate mwisho. Kila mtu alitaka kitu kimoja kwangu, nacho kilikuwa kidogo sana kwao. Ninyamaze asubuhi. Au niseme, ila niseme kama wao.

Alfajiri iliyofuata niliteremka majini nikapasha sauti yangu kama kawaida. Nilinguruma kwa nguvu kidogo kuliko siku zote.

Kikao kiliwekwa mchana, mbele ya nyumba ya mama mkwe, kwenye kivuli cha ghala la mtama. Aliyeongoza alikuwa baba mdogo wa mume wangu, mzee mkavu aliyevaa koti la jeshi hata jua likiwa kali, na viatu vya tairi. Mume wangu alikaa karibu na mlango. Jirani alikuwepo, ingawa hakuna aliyemwita. Mzee alizungumza vizuri, sitamwonea. Alisema hakuna aliyeniona nikikimbia usiku. Alisema mimi ni mchapakazi. Alisema wananiomba kitu chepesi tu: hiyo sauti ya asubuhi niiache leo, nao watasahau leo. Nikikataa, kesho mume wangu atanisindikiza kwetu.

"Baba," nikamwambia, "nikiacha leo, mtasemaje kesho?"

"Tutasema umesikia."

"Hapana. Mtasema ameacha kwa sababu ilikuwa kweli. Na nikizaa, mtoto akilia usiku, mtasema ni kile cha mama yake. Nikiendelea nimekuwa jajuok, nikiacha nilikuwa jajuok. Sasa mimi napata faida gani kuacha?"

Jirani akasema, kama anayezungumza na kuku, "Mdomo anao."

"Ninao, dada, na leo utauona wote. Jajuok hufanya mambo yake gizani, si ndivyo? Basi jua liko pale juu. Twende majini. Nitafanya kila kitu ninachofanya asubuhi, moja baada ya jingine, mbele ya macho yenu. Mkimaliza kusikiliza, ndipo mnifukuze."

Nilichukua mtungi wangu nikatangulia. Walidhani natania. Nilipofika kwenye uzio nikasikia miguu nyuma yangu, na nilipofika pwani walikuwa wamekuwa wengi kuliko walivyokuwa kwenye kikao. Wanawake wa samaki walikuja na vikapu vyao. Wavuvi waliacha kushona nyavu.

Nilisimama kwenye jiwe langu. Nilianza na midomo, makusudi. Brrrr. Watoto wakaangua kicheko, na mara kila mtoto pale pwani alikuwa punda. Mama zao waliwapiga makofi, lakini nao walikuwa wamebana midomo wasicheke. Nikafanya ya ndama. Nikafanya ile ya kupanda na kushuka, taratibu, mkono wangu ukipanda na kushuka nayo wapate kuifuata kwa macho.

"Huyo ndiye fisi wenu," nikasema. "Mmemwona miguu?"

Mvuvi mmoja akasema, "Wallahi ni filimbi ya refarii," na watu wakacheka waziwazi. Nilianza kuona mabega yao yanashuka.

Kisha nikafunga mdomo, nikanguruma.

Mmh, mmh, mmh, ikasema kutoka kwenye matete.

Lo! Pwani ilifunguka kama mtu amemwaga maji ya moto. Vikapu vilianguka, ngege wakatapakaa mchangani. Mzee wa koti la jeshi aliacha kiatu kimoja akaendelea na kingine. Jirani ndiye aliyepiga kelele: "Ameitika! Ameitika bwana wake! Mmesikia wenyewe!" Walisimama mbali, kule juu kwenye majani, na safari hii niliona watu wakiinama kutafuta mawe. Mume wangu alikuwa katikati, hajakimbia na hajanikaribia.

Mtu mmoja tu hakusogea. Mama mkwe alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, mikono kiunoni, anatazama yale masikio majini. Sijui kama ni ujasiri au magoti yake yalikataa. Nikamgeukia.

"Mama, nguruma wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kama mnyama ni wangu, wewe hatakujibu. Ungurume, asikujibu, na mimi nitaondoka leo hii, sitangoja kesho."

Jirani akapiga kelele kutoka juu, "Usithubutu, mama! Atakupa hicho chake!"

Kama angenyamaza, sijui mambo yangeishaje. Lakini mama mkwe alikuwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa usithubutu tangu azaliwe. Aligeuza kichwa polepole.

"Wewe ndiye wa kuniambia mimi nisithubutu? Kwenye shamba la mume wangu, ambalo maji yamelifunika tu? Hapo unapopaogopa nilivuna mtama!"

Akakaza leso yake kiunoni. Akaingia majini mpaka kwenye vifundo. Akafunga mdomo, akanguruma, na mimi niliyefundishwa na mke wa karani, niliyeimba mbele ya makanisa, nakuambia kwamba sijasikia tena sauti ya chini kama ile kutoka kwa mwanamke. Haikupita masikioni. Ilipita miguuni.

Kiboko akajibu. Tena si mmoja tu. Yule wa kwenye matete alijibu, na mwingine ambaye hatukujua yupo akajibu kutoka upande wa mitumbwi, na kule mbali zaidi wa tatu akamalizia.

Watu walimtazama mama mkwe, kisha wakatazamana, kisha wakatazama chini. Maana sasa aliyekuwa na neno la kusema ilimpasa alielekeze pia kwa mama huyu, mjane wa boma kubwa, mkunga aliyewapokea nusu ya wavuvi waliosimama pale. Niliona mawe yakiangushwa taratibu nyuma ya migongo.

"Enhe," akasema mama mkwe. "Nani ana neno?"

Wavuvi wakageukia mitumbwi yao.

"Nyinyi wa kule juu. Nani amesema jajuok? Aje aliseme hapa, karibu, sikio langu moja ni bovu."

Mzee wa koti aliteremka akichechemea, akatafuta kiatu chake akakivaa. Nadhani aliona heshima yake imebaki mchangani pamoja na kiatu, maana alikohoa, akasogea kwenye maji, akasema wacha na yeye ajaribu. Akanguruma. Ikatoka nyembamba kama ya mbu ndani ya kibuyu. Tukasubiri. Ziwa likanyamaza kabisa.

"Mzee," mvuvi mmoja akaita, "hata kiboko amekukataa!"

Hapo ndipo watu walipocheka kicheko cha kweli, kile cha kushika tumbo, na mume wangu akiwemo. Wanawake wakateremka kuokota ngege wao. Jirani alikuwa ameshakwenda.

Mzee akangoja kicheko kiishe. "Basi maneno haya yaishe hapa. Nyar Homa abaki nyumbani kwake. Lakini asubuhi asalimie watu kama binadamu."

"Sitasalimia," nikasema.

Mume wangu akashika kichwa. "Mke wangu, umeshashinda. Nyamaza."

"Sijashinda kama naambiwa nianze siku kwa sauti chafu. Nitasalimia kila mtu, mkubwa na mdogo, sauti yangu ikishaamka. Kabla ya hapo, hapana. Mkitaka kunirudisha kwa hilo, nirudisheni."

Walinitazama kwa uchovu. Nafikiri wangenirudisha, si kwa ujajuok tena, kwa ukaidi tu. Mama mkwe ndiye aliyetoka majini, akakamua leso yake, akasema bila hata kuniangalia:

"Mwacheni. Atakayepita asubuhi kwenye boma langu atusalimie wote wawili. Nitaitika mimi kwa ajili yangu, na nitaitika kwa ajili yake."

Usidhani alikuwa amenipenda ghafla. Alikuwa amejua jambo ambalo mimi nililijua pia: kuanzia siku ile, anayenitukana mimi anamtukana yeye. Alinilinda kama mtu anavyolinda mlango wa nyumba aliyomo ndani. Mimi sikudai zaidi ya hapo. Na yeye hakuniomba radhi, wala sikumwomba.

Homa Bay nilikwenda. Mzee wa kanisa alinirudisha mbele bila maelezo, nami nikarudi bila kuuliza. Asubuhi ile nilipasha sauti nyuma ya gati, kwenye harufu ya samaki ninayoijua, na nilipoongoza wimbo mwalimu wangu alikuwa amekaa mbele na viatu vyake vya kahawia. Alipokuja kunishika mkono aliniuliza, "Mama mkwe unampungia mkono?" Nikamwambia, "Yeye ndiye huniitikia." Hakuelewa, na sikuwa na nafasi ya kumweleza.

Kwa miaka mingi mambo yalikwenda hivyo. Nilipita na mtungi wangu, mdomo umefungwa, na mtu akasema njiani, "Oyawore," umeamkaje. Kutoka ndani ya nyumba ya mama mkwe ikatoka ile sauti nzito: "Oyawore ahinya," nimeamka salama kabisa. Kisha ikasema tena, nyembamba kidogo, kwa kunikejeli, "Oyawore ahinya." Ya pili ilikuwa yangu. Watoto wa pale walizoea, wakawa wanasalimia mara mbili makusudi wamsikie.

Ziwa lilirudi nyuma baadaye, viboko wakaenda nalo. Mama mkwe tulimzika kwenye shamba lile lile lililokuwa limezama, na nilimwimbia mimi, sauti ikiwa imeshaamka. Tangu siku hiyo hakuna wa kuniitikia.

Kwa hiyo wewe uliyelala kwangu jana, ukaamka ukanikuta kando ya tangi la maji nimefumba macho nanguruma, ukanisalimu, nikakupungia mkono: sina kiburi zaidi ya kile nilichotoka nacho kwetu. Sitabadilika sasa. Chukua kiti, unywe chai, usubiri. Nikimaliza nitakujibu, na utanisikia mpaka barabarani.